Mtu Asiyekaripiwa

Wivu ulimwingia Tungaraza kwa njia ya masikio. Alikuwa ameketi sebuleni kwa Bibi Kazija, kwenye kiti cha heshima karibu na mlango, kikombe cha chai mkononi, aliposikia jikoni yule bibi akimfokea mtu. Haikuwa sauti aliyoizoea. Sauti aliyoizoea yeye ilikuwa ya taratibu, kila neno limefutwa vumbi kabla ya kutolewa. Hii ya jikoni ilikuwa inakimbia, inakanyaga maneno, inarudi kuyaokota, inacheka katikati ya hasira kisha inakasirika upya kwa sababu imecheka. Lugha ilikuwa ileile. Ndiyo lugha aliyoitafiti nusu ya maisha yake, akaiandikia kamusi nene na sarufi nene zaidi, akapewa uprofesa kwa ajili yake. Sasa ilikuwa inasemwa nyuma ya ukuta mmoja tu, naye hakuambulia hata robo.

Aliyekuwa akifokewa ni Sikujua, mwanafunzi wake.

Nyumba ile ilisimama mwisho wa njia, katika nchi isiyokuwa na jina. Waliojua jina lake walikuwa wamekwisha wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja, Bibi Kazija, hakuona sababu ya kulitaja mbele ya wageni. Ukiingia ulipokewa sebuleni, na sebuleni ilikuwa saa kumi alasiri. Haikuwa imefika saa kumi, wala haikuwa inaelekea saa kumi na moja. Ilikuwa saa kumi tu, saa ya kupokea wageni, jua limesimama dirishani pale pale na chai haipoi. Tungaraza alikuwa amefika jana. Vilevile alikuwa amefika zamani, kijana mwembamba mwenye kinasa sauti kizito begani, na mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila kugombana. Alipokuwa kule chini mjini, ambako alikuwa na nyumba, mke na deni la usingizi, miaka ilimpitia kama inavyowapitia watu wengine. Akipanda tena hadi kwa Bibi Kazija, akikaa kwenye kile kiti, miaka ilikuwa inamngoja nje ya mlango pamoja na viatu vyake.

Kwa hiyo alijifunza lugha ile saa kumi. Alijifunza maneno yote yanayosemwa saa kumi: habari za safari, shukrani, sifa za mvua, majina ya ukoo, hadithi za kuburudisha. Aliuliza na akajibiwa. Alisema na akasifiwa. Tangu siku ya kwanza alipotamka salamu huku jasho likimtoka, Bibi Kazija alimtazama kwa macho ya upole akasema, "Umesema vizuri sana, mgeni wangu. Hata waliozaliwa humu hawasemi hivyo." Maneno hayo Tungaraza aliyabeba moyoni miaka yote. Aliyasimulia kwenye mikutano, watu wakampigia makofi. Alimsimulia hata mkewe, ambaye alikuwa ameyasikia mara nyingi na alikuwa na nguo za kuanua.

Sasa tazama alivyofika Sikujua. Aliletwa awe mbebaji wa vifaa na msaidizi wa utafiti, msichana mwenye mdomo mwepesi na kiu ya kudumu. Bibi Kazija aliwaonyesha viti, akaenda kuleta chai. Sikujua hakungoja. Alinyanyuka, akasukuma mlango wa ndani, akaenda jikoni moja kwa moja kujitekea maji mtungini. Tungaraza aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha ukasikika mshindo wa kitu kilichovunjika na Bibi Kazija akapaza sauti kwa namna ambayo Tungaraza hakuwahi kuisikia. Akajua kazi imeharibika. Alikaa akitunga maneno ya kumwombea msichana msamaha, maneno mazuri, ya saa kumi, lakini hakupata nafasi ya kuyasema. Sikujua hakurudi sebuleni siku hiyo. Aliporudi alikuwa na majivu kwenye nyusi na kovu dogo la moto mkononi, tena kovu lililokwisha kupona.

Hapo ndipo kufokewa kulipoanza, na hakukukoma. Huko jikoni zilikuwa saa nyingine zote: alfajiri ya kuwasha moto, mchana wa kupepeta, giza la kutafuta kibiriti kwa kupapasa. Sikujua alikuwa akitoka humo mara mtoto aliyeng'oka meno ya mbele, mara mwanamke mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, mara yeye mwenyewe. Bibi Kazija naye alikuwa akitokea nyuma yake na sinia la chai, kijana wa kupendeza, mgongo wima, hasira zimemkolea usoni kama mafuta. Akikanyaga tu kizingiti cha sebule anazeeka, anainamisha kichwa kwa heshima, anasema, "Mgeni wangu, chai."

Tungaraza alianza kuhesabu sifa zake na kuona zimepungua thamani. Nani asiyejua wivu wa mtu aliyepewa kikubwa akatamani kidogo? Wivu wa maskini kwa tajiri unaeleweka, hata tajiri mwenyewe anauelewa. Lakini mtu mwenye kiti cha heshima anayemwonea kijicho mtu anayetukanwa jikoni, huyo atamweleza nani? Akajieleza mwenyewe, kwa vipande vipande, akiwa ameshika kikombe.

Mimi nilikuwa wa kwanza. Mimi nilikuja kabla hajazaliwa, au wakati anazaliwa. Mimi najua aina zote za vitenzi vyao, yeye hajui hata kuvitaja.

Bibi anamwita mtoto. "We mtoto, masikio umeyaacha wapi?" Nimesikia. Nimeisikia kupitia ukutani. Mimi hajaniita mtoto.

Mimi ananiita mgeni wangu. Wangu. Si neno baya. Ni neno zuri. Nimelieleza kurasa nne kwenye sarufi.

Hajanifokea hata siku moja. Hata siku moja. Kwa nini hanifokei?

Na swali hilo la mwisho lilipokaa kichwani halikutoka. Lilikua likawa swali jingine, kubwa kuliko yeye: mtu huwa wa lugha fulani kwa kuijua, au kwa kujulikana nayo? Anayeijua lugha yote lakini lugha yenyewe haimjui, huyo yuko wapi anaposema? Tungaraza alikuwa amefundishwa kwamba lugha ni mfumo, na mfumo hauna mapenzi, haumchagui mtu wala kumkataa. Alikuwa ameyafundisha hayo na kuyatungia mtihani. Sasa aliona mfumo ule unapika maharage upande wa pili wa ukuta, unacheka na mtu mwingine, na roho ilimuuma kama ya mume anayesikia kicheko cha mkewe chumba cha jirani.

Siku moja, kama tunaweza kuiita siku, aliamua kwenda. Aliweka kikombe chini, akasukuma mlango wa ndani. Akajikuta sebuleni. Kiti kilekile, dirisha lilelile, kikombe kinafuka. Akasukuma mlango wa sebule ile, akaingia sebuleni. Akaenda hivyo, mlango baada ya mlango, kelele za jikoni zikiwa mbele yake kila mara kwa umbali uleule, mpaka akakata tamaa akaketi. Bibi Kazija akatokea na sinia. "Umechoka kutembea, mgeni wangu," alisema. "Kunywa."

Aliposhuka mjini alifanya jambo ambalo hangependa lijulikane. Alikwenda Taasisi, ile iliyomlipia utafiti, akawaambia wakubwa wake kwamba Sikujua hafai, anavunja vyombo vya wenyeji, harekodi chochote, arudishwe. Wakamkubalia mara moja, kwa kuwa walikuwa wakijiandaa kwa sherehe na hawakutaka maneno. Taasisi ilikuwa imepanga kupanda hadi nyumba ile kuwasikiliza watoto wa Kiota. Kiota ilikuwa shule ndogo aliyoianzisha Tungaraza chini ya kilima, watoto wa chekechea wanafundishwa lugha ile tu asubuhi hadi mchana, kutoka kwenye vitabu vyake, na walimu aliowafundisha yeye. Mmoja wa watoto hao alikuwa binti yake, Tunu, ambaye jino lake la mbele lilikuwa linalegea. Mpango ulikuwa Bibi Kazija awasikilize watoto mbele ya wakubwa wote na atamke kama lugha yake imefufuka. Akisema ndiyo, Tungaraza angeitwa Baba wa Lugha kwa maandishi.

Tungaraza alipopanda tena, Sikujua, aliyekwisha kupata habari ya kurudishwa, alimfuata nyuma ya nyumba ya Bibi Kazija, mikono imejaa unga.

"Profesa, shikamoo. Nimekukosea nini?"

"Marahaba. Hujanikosea. Kazi yako imekwisha."

"Kazi haijaisha na wewe unajua. Sema nimekukosea nini."

Tungaraza alikuwa mtu wa staha, lakini kinyongo kilikuwa kimemjaa muda mrefu. "Umemchukua," alisema. "Nimemtunza mama yule miaka yote hii. Nimemsikiliza kila neno. Umekuja wewe, huna hata daftari, unavunja mitungi, na anayempenda ni wewe."

Sikujua alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ananipenda? Ananisema tangu naamka mpaka nalala. Kila ninachotamka ananirudisha. Juzi nimelia, Profesa, si utani."

"Anakurudisha?"

"Kila neno. Wewe hakurudishi?"

Unga ulikuwa ukidondoka mikononi mwa msichana, na kabla Tungaraza hajajibu Sikujua alikuwa ameelewa, uso wake ukabadilika, na kule kumhurumia ndiko kulikomkera zaidi.

"Kwao hapa mgeni hasahihishwi," alisema kwa sauti ya chini. "Ukimsahihisha mgeni ni kama umemfukuza. Ukishakunywa kile kikombe cha sebuleni wewe ni mgeni, basi, hata ukae maisha. Atakusifu tu. Mimi siku ile nilipojitekea maji sikujua kitu, nilikuwa na kiu. Akanichapa kofi la mgongo, mtungi ukanitoka. Tangu hapo ni mtoto wa nyumba. Nilidhani unajua. Nilidhani umechagua."

"Unasema uongo."

"Kamjaribu."

Akaenda kumjaribu. Aliketi kwenye kile kiti, akakohoa, akamtazama Bibi Kazija machoni, na kwa lugha ile aliyoisomea, kwa matamshi yake bora kabisa, akasema, "Bibi, jana nimekunywa mlima pamoja na wajukuu wake, nao walikuwa wamekaangwa kwa mvua."

Bibi Kazija hakutikisika. Labda pembe ya mdomo ilitetemeka kidogo, labda hapana. "Umesema vizuri sana, mgeni wangu," alijibu. "Hata waliozaliwa humu hawasemi hivyo."

Tusimcheke. Au tumcheke kidogo kisha tuache, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza. Alikaa pale, saa kumi, akapitisha kichwani kila sifa aliyowahi kupewa, na kila sifa ilikuwa mlango uliofungwa kwa adabu. Kamusi nene: maneno ya kuwaambia wageni. Sarufi nene zaidi: kitabu cha adabu za kuwapokea wageni. Na Kiota. Watoto wale walikuwa wanasema alivyosema yeye. Alikuwa amewafundisha kwa upendo na bidii makosa yote ambayo hakuna mtu aliyemwonyesha. Angalau, akajiambia, hakuna atakayejua. Bibi atawasifu. Huo ndio ulikuwa uhakika wake, na kwa mara ya kwanza alitamani kuutapika.

Siku ya sherehe sebule ilijinyoosha ikawatosha wote. Wakubwa wa Taasisi walikaa upande wa dirishani, mwenyekiti wao katikati, mtu mnene mwenye sauti ya redio. Watoto walipangwa kwenye viti vidogo katikati, miguu haifiki chini. Sikujua alisimama karibu na mlango wa ndani na begi lake, kwa kuwa angeondoka na gari la wakubwa. Watoto wakasimama, wakasema waliyofundishwa. Walisema kwa pamoja, safi, bila kusitasita, na wakubwa wakafuta machozi. Tungaraza alimtazama Bibi Kazija. Alikuwa akiwasikiliza kwa upole uleule. Alipomaliza kusikiliza, yule aliyekuwa amebaki peke yake na lugha yake alifumba macho kwa muda, kama mtu aliyeitwa kwa jina mbali sana kisha akagundua si yeye aliyeitwa.

"Mmesema vizuri sana, wageni wangu wadogo," alisema. "Hata waliozaliwa humu hawasemi hivyo."

Makofi yakalipuka. Mwenyekiti akasimama kumkumbatia Tungaraza, na huku akikumbatiwa Tungaraza aliona sinia likiingia, limejaa vikombe vidogo. Aliona watoto wakivipokea kwa mikono miwili kama alivyowafundisha. Alimwona Tunu akisukuma jino lake kwa ulimi, akiinua kikombe. Na aliona jinsi itakavyokuwa: watakaa pale, watasifiwa, watazeeka kule chini mjini na huku juu watabaki na miguu isiyofika chini, jino halitang'oka wala lingine halitaota. Alikuwa na wivu na kila mtu aliyewahi kulia jikoni mle. Lakini wivu huo ulimwambia jambo moja la kweli, kwamba jikoni ndiko kwenye kitu cha kuonewa wivu.

"Msinywe," alisema.

Hakuna aliyemsikia vizuri. Akarudia kwa nguvu, na mkono wake ukakipiga kikombe cha Tunu kikaanguka. Chai ikatapakaa sakafuni. Watoto wakaganda.

"Profesa, una maana gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Nimewafundisha vibaya. Nimewafundisha makosa yangu, yote. Huyu mama anawasifu kwa sababu ni wageni." Kisha ilibidi amgeukie yule ambaye hakutaka kumgeukia, na maneno yalimtoka kwa shida kama mwiba. "Sikujua. Wewe ni mtoto wa nyumba. Wapeleke jikoni."

"Gari linaningoja," Sikujua alisema. Hakuwa anambeza; alikuwa anataka kusikia.

"Nilikusingizia. Nilikuwa nakuonea wivu, bado nakuonea. Wapeleke, tafadhali, kabla hawajanywa."

Sikujua aliweka begi chini. Alimshika Tunu mkono, Tunu akamshika mwenzake, na mlolongo ule wote ukapita mlango wa ndani, na mlango haukuwarudisha. Bibi Kazija aliwatazama wakipita. Halafu alimgeukia Tungaraza, mtu aliyevunja kikombe chake na kupiga kelele mbele ya wakubwa, na uso wake ukaanza kukaza, nyusi zikashuka, pumzi ikapanda kifuani. Tungaraza alinyoosha shingo kuipokea. Alisubiri kwa moyo wote. Lakini bibi yule alikumbuka adabu, akaishusha ile pumzi polepole.

"Mgeni wangu amechoka," alisema. "Ngoja nimletee chai nyingine."

Akaingia jikoni, na kabla mlango haujajifunga mgongo wake ulikuwa umekwisha kunyooka.

Wakubwa waliondoka. Mwenyekiti alisema maneno fulani kuhusu ripoti, kuhusu aibu, na kwamba suala la Baba wa Lugha litaangaliwa upya, maana yake halitaangaliwa. Gari lilipoteremka kilima, sebuleni alibaki Tungaraza na viti vingi vidogo. Kule ndani ghasia ilikuwa imeanza. Bibi Kazija alikuwa akifoka kwa ukamilifu wake wote, anamfokea huyu akirukia kwa yule, Sikujua naye anafoka nyuma yake, mtoto mmoja analia, wengine wanacheka, mtu amemwaga kitu, mtu anatetea uongo wake kwa sentensi ambayo Tungaraza hakuiweka kwenye kitabu chochote. Hapo awali alikuwa akimwonea wivu mtu mmoja. Sasa aliwaonea wivu wote, kila mtoto na fungu lake, na wivu ulimjaa mpaka akashindwa kukaa. Hakujuta. Lakini asikudanganye mtu kwamba asiyejuta haumii.

Mlango wa ndani ukafunguka. Alitoka msichana mrefu kiasi, khanga ya mtu mzima kiunoni, meno yote kinywani, macho mekundu ya kulia na moshi. Tungaraza alichelewa kumjua.

"Baba," Tunu alisema kwa lugha ile, haraka haraka, akijifuta pua, "utakula au huli?"

Alimwelewa. Akajiweka sawa kwenye kiti, na kwa mazoea ya maisha yake yote akajibu kwamba angeona fahari kubwa iwapo wenyeji wake wangemkirimu japo kidogo.

Tunu alikunja uso. Alitazama nyuma jikoni, kisha akamrudia baba yake, na hakukuwa na upole hata chembe, kwa sababu mtu hawezi kuwa mgeni kwa mtoto wake mwenyewe.

"Siyo hivyo," alisema. "Mbona unaongea kama tangazo la msiba? Husikii watu wanavyosema? Sema una njaa. Sema tena."

Kitu kilimpanda Tungaraza kutoka miguuni. Akasema tena. Akakosea.

"Siyo, Baba. Kichwa chako kigumu sana. Nisikilize mdomo." Akalitamka neno lile polepole, kwa hasira, akimkazia macho. "Haya, sema."

Safari hii alilisikia lote, lilivyoanza na lilivyokwisha, na alijua kabisa jinsi ya kulisema. Akafungua mdomo, akalikosea kwa makusudi, akangoja.